Asiyekujua Hakuthamini: Patholojia Machoni pa Wanafunzi wa Udaktari

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa asiyekujua hakuthamini. Methali hii ilinijia usiku mmoja muhula uliopita, nilipojikuta nimeketi bwenini miongoni mwa wanafunzi sita wa udaktari waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wao wa mwisho. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Nilikuwa pale kwa sababu mmoja wao ni mwenzangu wa chumbani, na kwa sababu chai ilikuwa tayari. Mazungumzo yaligeukia suala la ubobezi. Wa kwanza alisema kwamba atakuwa daktari wa upasuaji. Wa pili naye alitaja upasuaji, ila wa moyo. Wa tatu alichagua magonjwa ya watoto, wa nne uzazi na magonjwa ya wanawake, wa tano macho. Wa sita, ambaye ndiye mwenzangu, alikuwa bado hajakata shauri. Nikamuuliza, "Na patholojia je?" Wote sita wakaangua kicheko. "Ndugu yangu," mmoja akanijibu, "mimi nimesomea kutibu watu, si kuhesabu maiti."

Sikucheka nao, kwa kuwa nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza. Miaka miwili iliyopita, shangazi yangu alihisi kinundu katika titi lake la kushoto. Daktari wa upasuaji katika hospitali iliyo karibu na kwetu alimkata kipande kidogo cha nyama, akakitia ndani ya chupa yenye fomalini, kisha akatueleza kwamba hospitalini hapo hapakuwa na mtu wa kukichunguza. Mimi ndimi niliyeichukua chupa ile. Niliifunga kwa gazeti, nikaipakata ndani ya matatu kwa muda wa saa sita hadi jijini, huku abiria aliyeketi kando yangu akidhani kwamba nimebeba asali. Majibu yalitoka baada ya wiki saba. Katika wiki hizo saba shangazi hakuhesabika kuwa mgonjwa wala mzima. Alikuwa mtu anayesubiri. Daktari wake hakuweza kumpa dawa yoyote, kwa maana hakujua anatibu nini. Tulipouliza sababu ya kuchelewa, tulijibiwa kwa upole kwamba sampuli ni nyingi na wa kuzisoma ni wachache.

Hivyo basi, swali la ni nini humvuta mwanafunzi wa udaktari kuelekea patholojia, au kumfukuza kutoka kwayo, si swali la wanafunzi hao pekee. Ni swali la kila aliye na shangazi. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba vijana wetu hawaichukii taaluma hii, hawajawahi kuiona. Walichokiona ni kivuli chake tu: mtihani mgumu wa mwaka wa tatu, mlango wa makafani, na jina baya ambalo sisi wenyewe, watumiaji wa lugha, tumelipa.

Kabla ya kuzitathmini sababu hizo, ni vyema tukumbushane patholojia ni nini. Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki, nalo lina maana ya elimu ya magonjwa. Mwanapatholojia huchunguza mabadiliko ambayo ugonjwa huleta katika viungo, tishu, seli na majimaji ya mwili. Taaluma hii ina matawi kadhaa. Lipo tawi la kuchunguza tishu zilizokatwa kutoka kwa mgonjwa, la magonjwa ya damu, la kemia ya mwili, la vijidudu vinavyosababisha maradhi, na lile la kuchunguza maiti kwa ajili ya sheria. Hili la mwisho ndilo linalojulikana mno na watu, ilhali sehemu kubwa ya kazi ya wanapatholojia huwahusu watu walio hai, wanaongoja kuambiwa wanaugua nini.

Chukua mfano wa kile kipande cha nyama ya shangazi. Kilipofika maabara, kilipitishwa katika alkoholi ili kuondolewa maji, kikazamishwa ndani ya nta ya parafini iliyoyeyushwa, kisha nta ilipoganda kikakatwa vipande vyembamba ajabu, vyenye unene usiozidi milimita 0.005. Vipande hivyo viliwekwa juu ya vioo na kutiwa rangi mbili: moja huvipaka viini vya seli rangi ya samawati iliyokoza, na nyingine huipaka sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Ndipo mtu mmoja alipoketi mbele ya hadubini na kuamua. Je, hii ni saratani au la? Kama ni saratani, ni ya aina gani? Imeanza kupenya katika tishu za jirani? Seli zake zina vipokezi vya homoni ya estrojeni? Jibu la swali hili la mwisho ndilo linalomwelekeza daktari kuamua iwapo vidonge vya kuzuia homoni vitamfaa mgonjwa. Mtu huyo hakuwahi kumwona shangazi yangu, wala shangazi hakuwahi kumwona yeye. Hata hivyo, hapana daktari mwingine aliyesema neno zito kuliko lake.

Uhaba wa watu wa aina hiyo ni mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ulibainisha kwamba katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, hapakuwa na hata mwanapatholojia mmoja kwa kila watu 500,000. Ikilinganishwa, kwa hesabu ya utafiti mmoja, Marekani ilikuwa na wanapatholojia 12,839 mwaka wa 2017, yaani mmoja kwa takriban watu 25,000. Wakati huohuo, makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2020 yalionyesha kwamba Kenya hupata wagonjwa wapya wa saratani wapatao 42,000 kwa mwaka, na vifo takriban 27,000. Hakuna saratani inayotibiwa ipasavyo kabla ya kutambuliwa. Msomaji na apige hesabu mwenyewe.

Huenda mtu akadai kwamba tatizo hili ni la umaskini, na kwamba fedha zikipatikana vijana watamiminika. Dai hili lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi. Kwa hesabu ya utafiti huohuo, Marekani ilikuwa na wanapatholojia 15,568 mwaka wa 2007; katika muda wa miaka kumi idadi hiyo ilipungua kwa zaidi ya asilimia 17. Nchini Uingereza, sensa iliyofanywa na chuo cha kifalme cha wanapatholojia mwaka wa 2018 iligundua kwamba ni asilimia 3 tu ya idara za uchunguzi wa tishu zilizosema kuwa zina wafanyakazi wa kutosha. Nchi hizo hazina upungufu wa hadubini wala wa mishahara. Ni dhahiri basi kwamba kuna jambo jingine linalowafanya wanafunzi waipite taaluma hii bila kugeuza shingo.

Sababu ya kwanza, kwa maoni yangu, imo katika namna ya kufundisha. Katika vyuo vyetu patholojia aghalabu hufunzwa mwaka wa tatu, kabla mwanafunzi hajaizoea wodi. Huja kama mlima wa majina: aina za uvimbe, hatua za uvimbe, picha za seli ambazo machoni pa mgeni zote zinafanana. Mwanafunzi hukariri, hufanya mtihani, hushukuru Mungu, kisha husahau. Hakuna anayemwonyesha kwamba kioo kile cha rangi ya waridi ni mama wa watoto wanne aliyelala orofa ya pili. Anapoingia wodini mwaka unaofuata na kukutana na mama huyo, patholojia imekwisha kufungwa ndani ya daftari na kurudishwa nyumbani. Anachokiona sasa ni karatasi ya majibu tu.

Sababu ya pili inatokana na ya kwanza. Mhitimu wa udaktari hupitia kipindi cha uanagenzi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Katika kipindi hicho huzunguka idara za upasuaji, magonjwa ya ndani, magonjwa ya watoto, na uzazi. Huko hukutana na wakubwa wake, huonja ladha ya kila kazi, na hapo ndipo wengi hukata shauri kuhusu ubobezi wao. Patholojia haimo katika mzunguko huo wa lazima. Tunawezaje kumtarajia kijana aoe nyumba ambayo hakuwahi kupelekwa kuposa?

Sababu ya tatu ni ukosefu wa vielelezo. Waulize madaktari waliobobea ni kwa nini walichagua walichochagua. Wengi hawatakutajia mshahara kwanza, bali watakutajia mtu. Daktari fulani aliyewaita kando na kuwaambia, "Hebu njoo uone." Tafiti za nchi mbalimbali kuhusu uchaguzi wa ubobezi hurejelea jambo hilihili: kukutana na kazi mapema, na kukutana na mtu anayeipenda kazi yake. Pale ambapo wanapatholojia ni wachache na wamelemewa na sampuli, hawapati wakati wa kumwita mtu kando. Kwa hiyo uhaba wa leo huzaa uhaba wa kesho.

Sababu ya nne ni jamii. Katika jamii zetu nyingi maiti ina miiko yake. Anayeigusa hutazamwa kwa jicho la pembeni, na pengine hutakiwa kutakaswa kabla ya kurudi miongoni mwa watu. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mwanawe awe daktari ana ndoto yake: anamwona mwanawe amevaa koti jeupe, kipimamoyo shingoni, wagonjwa wakimshukuru. Mwana akisema atakuwa mwanapatholojia, mzazi husikia jambo moja tu. "Nimekusomesha miaka yote hii ukakae na wafu?" Ni wangapi kati yetu wanaoweza kulijibu swali hilo mbele ya baba na wajomba?

Sababu ya tano inatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja, nayo ni lugha. Yasome magazeti yetu na uyasikilize matangazo ya habari. Mwanapatholojia wa serikali hutambulishwa mara kwa mara kuwa ni "mpasuaji maiti". Jina hilo limechukua tawi moja la taaluma na kulifanya kuwa mti mzima. Ni sawa na kumwita mwalimu "mchapaji watoto" au wakili "mtembelea jela". Kwa upande mwingine, pale ambapo mwanapatholojia anawahudumia walio hai, lugha yetu humfuta kabisa. Husemwa, "Maabara imesema ni saratani." Maabara ni jengo, na jengo halisemi. Aliyesema ni mtu, tena mtu aliyesoma miaka sita ya udaktari, kisha miaka mingine ya uzamili. Katika sarufi yetu mtu huyo hana nafasi ya kiima. Anapoonekana ni pamoja na maiti. Anapookoa maisha, sifa huenda kwa jengo. Basi kijana wa miaka ishirini na miwili ataipendaje kazi ambayo lugha yake inaijua kwa sura ya mauti pekee?

Sitaki msomaji afikiri kwamba kila anayeikataa patholojia amepotoshwa. Wapo wanafunzi wanaopenda kuzungumza na mgonjwa, kumshika mkono, kumwona akipona na kurudi nyumbani. Wito wao ni wa haki na taifa linawahitaji. Wapo pia wanaotazama mapato ya kliniki za kibinafsi wakiwa na mikopo ya kulipa na wadogo wa kusomesha. Hao nao siwalaumu. Wengine siku hizi wanahofu kwamba akili unde itawapokonya kazi, kwa kuwa tarakilishi sasa inaweza kutambua seli za saratani katika picha. Hofu hii inaeleweka, lakini tarakilishi haibebi dhamana. Mtu ndiye anayetia sahihi, naye ndiye anayeulizwa kosa likitokea. Tena mashine hiyo haina faida mahali ambapo hakuna wa kuitayarisha sampuli wala wa kuitilia shaka.

Ninachokipinga ni uchaguzi unaofanywa gizani. Patholojia ina mvuto wake ambao wanafunzi wetu hawajatangaziwa. Ina fumbo la kufumbua kila siku. Katika matawi yake mengi ina saa za kazi zinazomruhusu mtu kulala usiku na kuilea familia yake. Ina fursa ya utafiti, na katika utafiti huo Afrika Mashariki ina historia ya kujivunia. Mwaka wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Kiafrika. Burkitt aliuona uvimbe. Lakini ni wanapatholojia wa Makerere, miongoni mwao Gregory O'Conor na Jack Davies, walioutazama kwa hadubini na kuonyesha kwamba ulikuwa aina ya saratani iitwayo limfoma. Sampuli kutoka Uganda zilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kwamba wameona ndani ya seli hizo virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ugunduzi huo haukuanzia Ulaya. Ulianza kwa vipande vya nyama vya watoto wa hapa kwetu, na kwa watu waliokuwa na subira ya kuvisoma.

Hata lile tawi linalodharauliwa, la kuchunguza maiti, lina hadhi ambayo hatuisemi. Mwaka wa 1990, mwili wa Waziri Robert Ouko ulipopatikana karibu na kilima cha Got Alila, fununu za kwamba alijiua zilienezwa mapema. Wapelelezi wa Scotland Yard na mwanapatholojia aliyefuatana nao walihitimisha kwamba aliuawa. Mwaka wa 2023, miili iliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilizidi 400. Dkt. Johansen Oduor na kikosi chake walifanya uchunguzi huko Malindi siku baada ya siku. Ni kazi yao iliyoonyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba wengine, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Marehemu hawana wakili wa kwanza isipokuwa mwanapatholojia. Kijana anayetaka kuitumikia haki hatakosa la kufanya hapo, mradi tu awe na ujasiri wa kuandika alichokiona hata pale wakubwa wanapotaka kingine.

Nini kifanyike basi? Kwanza, vyuo viunganishe patholojia na wodi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita apewe sampuli moja aifuate tangu chumba cha upasuaji hadi kwenye hadubini, kisha arudi na majibu kwa mgonjwa mwenyewe. Safari hiyo moja itamfunza zaidi ya mihadhara kumi. Pili, madaktari wanagenzi wapewe walau wiki chache katika idara ya patholojia. Tatu, kaunti, ambazo zilikabidhiwa huduma nyingi za afya chini ya Katiba ya 2010, zigharamie masomo ya uzamili ya patholojia kwa madaktari wao, kwa sharti kwamba watarudi kuhudumu nyumbani. Hakuna haja ya kujenga maabara yenye vigae vinavyong'aa ikiwa hakuna wa kuketi ndani yake. Nne, nasi wanafunzi wa Kiswahili tutimize wajibu wetu. Tuandike "mwanapatholojia" pale tunapomkusudia mwanapatholojia. Tutakapokuwa wahariri, watangazaji na walimu, tumrudishie mtu huyu nafasi yake katika sentensi. Haba na haba hujaza kibaba.

Nimalizie pale nilipoanzia. Majibu ya shangazi yalionyesha kwamba saratani yake ilikuwa na vipokezi vya homoni. Alifanyiwa upasuaji, akaandikiwa vidonge, na msimu huu amepalilia mahindi yake mwenyewe. Siku moja aliniuliza, "Ni daktari yupi aliyejua kwamba ni ugonjwa huo? Ningependa kumpelekea kuku." Sikuwa na la kumjibu. Chini ya karatasi ya majibu palikuwa na sahihi isiyosomeka.

Niliichukua karatasi hiyo nikaja nayo chuoni, na baada ya kicheko cha usiku ule nilimpa mwenzangu wa chumbani aisome. Aliisoma mara mbili, kimya. Wiki iliyofuata aliomba ruhusa ya kwenda kushinda siku nzima katika maabara ya patholojia, na tangu hapo amekwenda mara tatu. Hajaniambia kwamba atakuwa mwanapatholojia. Ameniambia tu kwamba hakujua.